Mkuu wa Zamu na Basi la Pili

Usiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo hakuyasema, na mimi nilijifunza mapema kwamba ukimuuliza yule mzee swali la nyumbani, atakujibu kwa swali la kazini. "Geti la nyuma umelifunga?" Basi, mazungumzo yamekwisha. Nchi yake aliiita "kule", na serikali ya kule aliiita "wale watu". Nami nitaiacha hivyo hivyo, kwa sababu nikiitaja najua atapata habari, na atanitazama kwa lile jicho lake.

Tulimwita Mkuu wa Zamu kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Aliongoza walinzi wa zamu ya asubuhi kwenye nyumba za kupangisha zilizozungushiwa ukuta, huku Abu Hamour, Doha, na mimi nilikuwa mmoja wa walinzi wake wanawake. Wengi wetu tulikuwa Wakenya, yeye alituita "nyinyi wenye maneno". Tulilala Muaither, wanawake jengo letu na wanaume lao, na zamu ikiisha kampuni ilileta mabasi mawili ya kuturudisha. Mabasi mawili, jameni, yanaenda mahali pamoja kwa barabara ile ile. La kwanza lilikuwa na kiyoyozi kizima. La pili lilikuwa na feni iliyosukuma joto kutoka kiti cha mbele hadi cha nyuma. Mkuu wa Zamu hakupanda la kwanza hata siku moja.

Na usidhani ni yeye peke yake aliyelikosa. Alihakikisha sote tunalikosa. Kwingine, mlinzi anayetoka humrushia anayeingia funguo, anasema yalla, haya twende, huyo, mbio kwenye basi. Kwa Mkuu wa Zamu, weee! Ilikuwa lazima utembee na mwenzako sehemu yote unayoilinda, ukimwonyesha kwa mkono na kumtajia kwa mdomo. Geti la mbele limefungwa. Funguo zote hizi hapa. Taa ya karibu na bwawa imeungua. Nyumba ya kona wamesafiri, paka wao analishwa na jirani. Na anayepokea hasemi "sawa" wala "okei". Anasema, "Nimepokea." Asipotamka neno hilo huondoki, hata uwe umesimama kwenye jua la Agosti toka asubuhi.

Siku moja kijana wa Kisii, mtu wa mdomo, akamwambia, "Mkuu, hizi ni nyumba za watu, si ikulu."

Mkuu wa Zamu akamtazama bila kukasirika. "Kitu kikipotea," akasema, "swali la kwanza ni nani alikuwa nacho mwisho. Na kila mtu atasema si mimi." Kisha akamrudisha aanze upya kutoka geti la mbele. Kijana alinung'unika hadi Muaither, ndani ya basi la pili.

Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, lakini si kwa makelele. Hakukaa akiupa mlango mgongo. Hakupigwa picha, tukipiga picha ya pamoja sikukuu ya Krismasi au ya Idi, yeye ndiye aliyeshika simu. Ukimletea chakula alikushukuru, akakuomba uonje kwanza, akajifanya ni heshima ya kwao. Ukimwambia umesikia habari fulani, alikuuliza aliyekwambia alisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, mpaka wewe mwenyewe unaanza kuona kama umeitunga. Mimi alinichosha. Nilimwambia usoni, "Mkuu, wewe ukiambiwa leo ni Jumatatu utataka mashahidi."

"Wawili," akasema.

Lakini taa za barabarani aliziamini. Hilo lilinichekesha siku zote. Tukiwa tunavuka kwenda dukani, barabara tupu, hakuna gari wala baiskeli, yeye anasimama kusubiri taa ya watu igeuke kijani. Jasho linamtiririka, shati alilolipiga pasi linaanza kukunjamana, na hasogei. Nilimuuliza kwa nini mtu asiyeamini serikali yoyote duniani anaitii taa. Akasema, "Taa haina mjomba." Alimaanisha haimpendelei mtu, ikiwa nyekundu kwako ni nyekundu kwa mwenye gari kubwa pia. Sheria aliipenda kweli yule mzee. Sare yake ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote. Ni watu wanaoishika sheria mkononi ndio aliowaogopa.

Na kitu kingine kilichonichanganya. Siku moja ndani ya basi yule kijana wa Kisii akaanza kumkejeli rais wa kule, jinsi anavyotembea, jinsi anavyosoma hotuba kama anayesoma mapishi. Sote tukacheka. Mkuu wa Zamu akageuka kutoka kiti cha nyuma. "Wewe nyamaza," akasema. "Huyo ni wetu sisi kumtukana." Na alikuwa amekasirika haswa. Mtu aliyempiga vita mtu huyo huyo kwa bunduki!

Hilo la bunduki nililijua Ijumaa moja ya vumbi, tumejifungia kwenye kibanda cha geti, mchanga unagonga kioo. Nilikuwa nasoma habari kwenye simu, nikaona kwamba kule kwao kundi jingine la waasi limekubali kutoka msituni, na serikali imeahidi kuwapa nyumba na mafunzo. Nikamsomea kwa furaha, nikidhani nampa habari njema.

Akauliza, "Nani ataendesha gari?"

"Gari gani tena, Mkuu?"

"La kuwatoa msituni."

Ndipo akaniambia. Kwa nini alikwenda msituni hakusema, wala alifanya nini huko, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, sikuthubutu kuuliza. Alianzia mwisho. Vita vilipokwisha waliambiwa wakusanyike kwenye uwanja wa mpira wa shule moja, waweke silaha chini, watapelekwa kituoni wakapewe chakula na vitu vya kuanzia maisha. Malori mawili yakaja. La kwanza lilikuwa jipya, lina turubai, na rafiki yake, aliyekula naye sufuria moja miaka yote ile, akarukia juu, akamshikia nafasi. "Njoo, nimekuwekea!" Lakini yeye siku hiyo alikuwa na tumbo la kuendesha. Akakimbilia nyuma ya madarasa. Aliporudi, lori la kwanza limeshaondoka, akapanda la pili. La pili lilifika kituoni. La kwanza halikufika.

"Mliuliza?" nikasema.

"Tuliuliza. Wakasema wamepelekwa kituo kingine. Tukauliza kituo gani. Wakasema kingine."

"Na dereva?"

"Hakuna aliyemjua. Hakuna aliyeuliza jina lake. Tulikuwa na furaha, Mkenya. Vita vimekwisha, nani anauliza jina la dereva?"

Nikamwambia pole, na nilisema kwa moyo. Nikamuuliza wao wa lori la pili walifanywa nini. Nilitarajia mambo mabaya. Akasema walitunzwa vizuri sana. Alipewa jembe, mbegu, na blanketi zuri la sufu. Alifundishwa useremala. Hata pasipoti alipewa bila kusumbuliwa. Blanketi lenyewe alikuja nalo Doha, na wenzake wa chumbani walisema hulikunja kila asubuhi, kingo kwa kingo, na halitumii.

"Mimi sikudhulumiwa," akasema. "Mimi nilipewa blanketi. Ndiyo maana siwaamini."

"Hiyo haina maana, Mkuu."

"Mtu akikupiga, unajua amesimama wapi. Akikupa blanketi na rafiki yako hayupo, unajifunika nini?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kusafisha kioo, ingawa vumbi lilikuwa nje.

Kuna wakati wakubwa kutoka kule walikuja Doha kuonana na raia wao, wakakodi ukumbi. Akaniomba nimsindikize. Nilienda kwa ajili ya pilau, siwezi kukudanganya. Mimi niliketi, yeye hakuketi. Alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, shati limenyooka, na watu wakadhani ni mlinzi wa ukumbi. Mama mmoja akamuuliza choo kiko wapi, akamwelekeza. Mkubwa mwenyewe alipoingia akampa mkono na kumwambia, "Asante kwa kazi, afande." Nusura nianguke kwa kicheko. Kisha mkubwa akapanda jukwaani, akasema nchi imefungua mikono, hata wale waliowahi kushika silaha, popote walipo, nchi imewasamehe, warudi nyumbani. Ukumbi ukapiga makofi. Nikageuka kumtazama. Alikuwa anautazama mlango.

Tukiwa njiani nikamwambia, "Si umesikia? Mmesamehewa."

"Nimesikia. Wamesamehe nini?"

"Si mambo ya vita."

"Mambo gani? Wayataje. Na mimi je, wao nimewasamehe?" Akasimama kwenye taa nyekundu. "Hakuna aliyeniuliza."

Kwa hiyo hakwenda nyumbani. Likizo zake alizimalizia Muaither, akipiga pasi na kusikiliza redio ya kule asiyoiamini. Nasema uwanja wa ndege ulimtisha, ingawa yeye alisema ni tiketi, ni kazi, ni joto. Siku moja tu alikiri. "Uwanja wa ndege una mlango mmoja wa kutokea," akasema, "na wao ndio wanaoushika."

Huko kule alikuwa na binti. Alimwacha angali anabebwa mgongoni, akalelewa na dada yake Mkuu, na kila Ijumaa alimpigia baba yake simu. Hiyo ndiyo saa pekee niliyomwona anakaa bila kutazama mlango. Aliongea kwa lugha ya kwao, laini, anacheka hadi mabega yanatikisika. Mimi nilielewa sentensi moja tu, kwa kuisikia mara nyingi, na aliwahi kunitafsiria: "Baba, unakuja lini?" Na jibu lake nililielewa pia.

Basi binti akapata mchumba. Na mchumba mwenyewe, jamani, akawa askari wa jeshi la wale watu.

Mkuu wa Zamu hakulala. Nilimwona amesimama kwenye geti, anafungua kufuli na kulifunga, analifungua na kulifunga. Kwao, baba akiwa hai, ni lazima aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu wa pande zote mbili, kwamba amemtoa binti yake. Mjomba hawezi kumsemea. Asiposema, msichana amekwenda tu, kama aliyetoroka, na watoto wake watakuja kuambiwa hivyo. Na binti naye alikuwa amerithi kichwa cha baba. Alimwambia, "Usiposema, nitakwenda vilevile. Lakini Ijumaa sitapiga tena."

Aliponieleza, nilimkaripia. Ndiyo, mimi, mlinzi mdogo, nilimkaripia mkuu wangu. "Mzee, huyo kijana vita vinaisha alikuwa mtoto mchanga! Amekukosea nini?"

"Lile lori pia lilikuwa jipya," akasema.

"Utampoteza mtoto kwa ajili ya lori!"

Akageuza uso. Nikajuta ukali wangu, lakini sikuyarudisha maneno, kwa maana yalikuwa ya kweli. "Nikinyamaza, nampoteza," akasema. "Nikisema, namkabidhi kwa watu ambao mara ya mwisho nilipowaachia mtu, hawakunirudishia jibu. Wewe ungefanya nini, Mkenya?" Nikamwambia sijui. Mara ya kwanza kumwambia mtu sijui tangu nifike Doha.

Baada ya hapo nilipata kazi ya hoteli, nikaacha ulinzi, ingawa nilibaki kuishi Muaither. Hatukuonana kwa muda mrefu. Kisha siku moja simu yangu ikalia. "Ijumaa njoo Mansoura," akasema, akanitajia mkahawa mdogo tuliokuwa tunanywea chai. "Kuna makabidhiano. Nahitaji shahidi."

Nilimkuta amekaa kona, mgongo ukutani, amevaa shati jeupe, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Amekonda. Hakuniambia kama ameamua kusema au kunyamaza, na nilipouliza akaniambia, "Kaa." Kwenye simu palionekana uwanja wa nyumba ya dada yake, hema, viti vya plastiki, watu wamependeza. Leo ndiyo siku ya kumchukua binti. Wazee wa upande wa kijana wakasalimia kwa Kiswahili, ndiyo lugha ya kati yao na wakwe, wakasema wamekuja kuomba. Kisha wakanyamaza wakisubiri. Mkuu wa Zamu naye akanyamaza. Mwenye mkahawa akapita na sinia, akaona nyuso zetu, akarudi nyuma. Nikamkanyaga Mkuu mguu chini ya meza.

"Nileteeni kijana," akasema.

Kijana akaja mbele ya simu. Alivaa suti, lakini alisimama kama aliye gwarideni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnampeleka wapi?"

"Nyumbani kwa wazazi wangu, baba."

"Kwa gari?"

"Ndiyo, baba."

"Nani ataendesha gari?"

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, Mungu wangu, imeharibika.

"Tumekodi dereva, baba."

"Mwite."

Nikasikia minong'ono kule, mzee mmoja akiuliza kuna nini. Kijana hakubishana. Akaondoka, akarudi na mtu mnene mwenye paja la kuku mkononi. Mkuu wa Zamu akamuuliza jina. Akamuuliza kwao ni wapi, atapita barabara ipi, atasimama wapi, na nani na nani watapanda. Mtu yule akajibu yote, akijifuta vidole kwenye suruali, na kwa mshangao mkubwa. Hakuna harusi aliyowahi kuendeshea ambapo aliulizwa jina la kijiji cha mama yake.

"Sasa kijana," Mkuu wa Zamu akasema. "Umepokea nini?"

Sauti ya msichana ikaja kutoka nyuma. "Baba, mimi si funguo!"

Hema zima likacheka. "Nyamaza," baba akamjibu, "bado hujatoka zamu yangu." Lakini alikuwa anatabasamu, na jasho limemjaa usoni. Alimrudia kijana. "Umepokea nini?"

Na yule askari akaelewa. Sijui alielewaje, labda na wao huko jeshini hupokezana hivyo. Akanyoosha mgongo. "Nimepokea binti yako, baba. Ni mzima. Ana kikohozi tangu Jumatano, anatumia dawa. Viatu vinambana, anasema havimbani. Amelia asubuhi kwa sababu hakujua kama utasema." Akameza mate. "Nimepokea."

Mkuu wa Zamu akaweka viganja viwili juu ya meza. "Nimewapa," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa kule vilitetemesha simu yetu hadi ikaanguka. Mimi nililia, na sioni aibu kusema. Yeye aliiokota simu, akasema kwa sauti ya kazini, "Mkifika, nipigiwe."

"Nitakupigia, baba," akasema kijana.

"Si wewe. Yeye."

Tukakaa. Chai ikaja, ikapoa, yake haikuguswa. Nilidhani sasa ataongea, atashangilia. Aliitazama tu ile simu. Watu wa swala wakatoka, mkahawa ukajaa, ukapungua. Nilimwambia barabara huenda ni mbovu. Akasema barabara hiyo anaijua. "Inapita kando ya ule uwanja wa shule," akasema, na mimi nikaacha kutazama saa yangu, ingawa nilikuwa na zamu ya usiku hotelini na sare yangu ilikuwa Muaither.

Simu ilipolia aliishika kwa mikono miwili.

"Baba, tumefika." Aliongea Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu au kwa ajili ya wakwe.

"Nyote?"

"Sote, baba. Hata dereva. Ameanza kula tena."

Mkuu wa Zamu akanyoosha mgongo. "Nimepokea," akasema. Kisha akaigeuza simu kifudifudi na kujifunika uso, na mabega yakatikisika, lakini safari hii hakuwa anacheka.

Tulipotoka, basi la kuelekea Muaither lilikuwa linaingia kituoni, nusu tupu, kiyoyozi kinanguruma. Nikainua mguu. Yeye akaketi kwenye benchi, mgongo kwenye kioo cha kituo, akilitazama basi kuanzia matairi hadi kwa dereva.

"Mkuu, hata leo?"

"Wewe nenda, umechelewa," akasema. "Ukifika, nipigie."

Nikapanda. Na nilipofika, haki ya Mungu, kabla hata sijavua viatu, nikampigia.